Almasi ya kahawia, bei nzuri, cheti hakuna: Je, ununue?

NAMANGA – Saa mbili usiku, baada ya kufunga kibanda chake upande wa Tanzania, mama mmoja anayeuza vitenge na viatu kwa wateja wa Arusha na Nairobi aliketi juu ya robota ambalo lilikuwa bado halijafunguliwa, akaitazama picha ileile kwenye simu kwa mara ya kumi. Jiwe dogo la mviringo, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, limeshikwa kwa koleo. Chini ya picha yalikuwa maelezo mafupi: almasi asilia ya kahawia, karati 1.03, dola 640 za Marekani, haina cheti.

Hakuwa anataka kujipamba. Mteja wake wa miaka mingi, mama wa Kitengela ambaye mwanawe anaoa Desemba, alikuwa amemwomba amtafutie pete ya almasi isiyozidi dola 900. Fedha za kununulia zilikuwapo, kwa sababu zamu yake ya upatu iliangukia wiki hiyohiyo. Lakini fedha hizo ndizo alizokuwa amezitenga kwa mzigo wa viatu vya msimu wa sikukuu.

Ameomba jina lake lisitajwe, kwa kuwa katika biashara ya mpakani jina ndilo dhamana. Mzigo hutolewa leo na kulipwa wiki ijayo bila karatasi yoyote, kwa sababu mtu anajulikana. Akimuuzia mteja jiwe lisilo almasi, hasara haitaishia kwenye dola 640.

Swali lake si lake peke yake. Wafanyabiashara wengi wa mipakani sasa huagiza bidhaa kwa simu, na vito vimeingia katika orodha hiyo. Kabla ya kulipa, inafaa kujua kile kinachouzwa hasa.

Kwa nini kahawia ni rahisi

Kahawia ni miongoni mwa rangi zinazopatikana kwa wingi zaidi katika almasi. Wataalamu wanaeleza kwamba rangi hiyo hutokana na fuwele ya almasi kubanwa na kupindika ikiwa bado chini sana ardhini. Haina maana kwamba jiwe ni bovu au la bandia. Ugumu wake ni uleule wa almasi nyeupe, daraja la 10 katika kipimo cha Mohs.

Kwa miaka mingi almasi za kahawia hazikutakiwa na masonara. Nyingi zilipelekwa viwandani kukatia vyuma na kuchimbia miamba. Hali ilibadilika baada ya mgodi wa Argyle, Australia Magharibi, kuanza uzalishaji katika miaka ya 1980. Kiasi cha asilimia 80 ya mawe yake yalikuwa ya kahawia, na wauzaji walihitaji soko. Ndipo majina matamu yakazaliwa: shampeni kwa rangi hafifu, konyaki kwa rangi iliyokolea. Baadaye kampuni ya Le Vian ya Marekani ikatangaza mawe ya aina hiyo kwa jina la chokoleti. Argyle ilifungwa Novemba 2020 baada ya kutoa zaidi ya karati milioni 865 za almasi ghafi.

Hata almasi kubwa kuliko zote zilizowahi kukatwa na kung'arishwa, Golden Jubilee yenye karati 545.67, ina rangi ya kahawia na manjano. Ilipatikana Afrika Kusini mwaka 1985. Kwa hiyo jiwe la kahawia linaweza kuwa kito cha heshima.

Hata hivyo, majina hayo ya vinywaji na peremende hayapandishi bei ya kuuzia tena. Jiwe la kahawia kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini kuliko jeupe la uzito na usafi uleule. Mtu anayenunua kwa ajili ya kuvaa hupata jiwe kubwa kwa fedha kidogo. Anayenunua ili auze lazima akumbuke kwamba atakayenunua kwake naye anaujua unafuu huo.

Cheti gani hakipo?

Muuzaji wa mtandaoni alipoulizwa kuhusu cheti, alijibu kwamba hakuna haja ya hofu kwa kuwa jiwe "lina Kimberley". Hapo ndipo wanunuzi wengi huchanganyikiwa, kwa sababu kuna karatasi mbili tofauti kabisa.

Ya kwanza ni cheti cha Mpango wa Kimberley, ulioanza kutekelezwa mwaka 2003 ili kuzuia almasi zinazogharamia vita. Cheti hicho hutolewa na serikali, na huambatana na shehena ya almasi ghafi, yaani ambazo hazijakatwa, inapovuka mpaka kati ya nchi wanachama. Shehena huwekwa katika chombo kilichofungwa ili ikifunguliwa njiani ijulikane. Tanzania ni mwanachama. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako almasi nyingi za Kasai huchimbwa na wachimbaji wadogo, nayo ni mwanachama, na huko taasisi ya serikali iitwayo CEEC ndiyo huthamini na kuthibitisha mawe ya kusafirishwa.

Almasi iliyokwisha kukatwa haiko chini ya mpango huo. Muuzaji anayesema kwamba jiwe moja lililong'arishwa lina cheti chake cha Kimberley ama haujui mpango huo, ama anatumaini mnunuzi haujui. Tena, cheti hicho hakisemi lolote kuhusu rangi, usafi wala thamani ya jiwe moja moja.

Karatasi ya pili ndiyo inayokosekana katika tangazo lile: ripoti ya maabara. Taasisi ya GIA ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1931, inajulikana zaidi. Nyingine ni IGI na HRD, zote zenye asili ya Antwerp, Ubelgiji. Ripoti hueleza uzito, vipimo, rangi, usafi na namna jiwe lilivyokatwa, kama ni la asili au la maabara, na kama limefanyiwa kazi ya kubadili sura yake. Aghalabu namba ya ripoti huchongwa kwa leza kwenye ukingo wa jiwe, maandishi madogo yasiyosomeka bila lenzi.

Ripoti hiyo pia si dhamana kamili. GIA yenyewe imewahi kutoa tahadhari kuhusu mawe ya maabara yaliyochongwa namba za ripoti za almasi asilia. Mnunuzi anatakiwa kuingiza namba katika tovuti ya maabara, kisha kulinganisha uzito na vipimo vilivyoandikwa humo na vya jiwe lililo mkononi. Namba ikiwa sahihi na jiwe likawa jingine, cheti kimekuwa mapambo tu.

Kukosa cheti si lazima kuwe wizi

Wapo wauzaji waaminifu wasio na cheti, na sababu yao inaeleweka kwa yeyote anayefanya biashara. Kupeleka jiwe maabara kuna ada, usafiri, bima na siku za kusubiri. Kwa jiwe la maelfu ya dola gharama hiyo haionekani. Kwa jiwe dogo au la kahawia la bei nafuu, inaweza kumeza faida yote. Kwa hiyo mafundi na wachuuzi wa Surat, mji wa India ambako sehemu kubwa kabisa ya almasi za dunia hukatwa, huuza mawe mengi ya aina hiyo bila ripoti.

Swali la kujiuliza basi ni moja: muuzaji akikosea au akidanganya, nani atabeba hasara? Katika ununuzi wa kawaida wa mtandaoni bila cheti, ni mnunuzi.

Mambo yanayoweza kujificha ndani ya picha

La kwanza ni jiwe ambalo si almasi kabisa. Zirkoni ya kutengenezwa, moisanaiti na kwazi ya rangi ya moshi zote zinaweza kukatwa kwa umbo lilelile na kupigwa picha zikapendeza. Hapa mizani na rula ya sonara husaidia. Almasi ya mviringo yenye upana wa milimita 6.5 huwa na uzito wa karibu karati moja, na karati moja ni gramu 0.2. Jiwe la zirkoni la upana huohuo lina uzito wa karibu karati 1.7. La moisanaiti ni karibu 0.9, na la kwazi halifiki 0.8. Muuzaji akitaja uzito, mwombe pia upana na kimo kwa milimita. Vipimo visipokubaliana, mazungumzo yaishie hapo.

La pili ni almasi ya maabara kuuzwa kama ya asili. Hii ni almasi kweli, imetengenezwa kiwandani badala ya kuchimbwa, na hakuna ubaya kuinunua kwa jina lake na kwa bei yake. Bei hiyo imeshuka sana miaka ya karibuni, ndiyo maana kuna kishawishi cha kuliita jiwe la maabara la asili. Mawe mengi yanayokuzwa kwa njia ya gesi hutoka yakiwa na rangi ya kahawia kabla ya kusafishwa, hivyo rangi hiyo pekee haithibitishi kwamba jiwe lilitoka ardhini.

La tatu ni kazi iliyofanywa juu ya jiwe. Mwaka 1999 kampuni ya General Electric ilitangaza njia ya kuondoa ukahawia katika baadhi ya almasi kwa joto na shinikizo kubwa. Tangu hapo biashara nzima ililazimika kuuliza rangi ya jiwe ilitoka wapi. Zipo pia almasi zilizopasuka ambazo nyufa zake hujazwa kioo ili zisionekane. Jiwe kama hilo likipelekwa kwa sonara na kuguswa na moto wakati wa kutengeneza pete, kioo huharibika na nyufa hujitokeza. Mteja atamlaumu sonara, sonara atamlaumu aliyeleta jiwe.

La nne ni daraja lililoongezwa chumvi. Mizani ya rangi ya GIA huanzia herufi D kwa jiwe lisilo na rangi hadi Z. Almasi ya kahawia iliyo ndani ya mizani hiyo na yenye rangi iliyokolea kuliko Z ni bidhaa mbili tofauti. Muuzaji asiye na ripoti huchagua mwenyewe jina la kuiita. Hilo si lazima liwe ulaghai, maana hata wathamini hutofautiana. Mwaka 2017, serikali ya Tanzania ilizuia katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam shehena ya almasi kutoka mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ikidai thamani iliyotangazwa ilikuwa ndogo kuliko halisi, huku kampuni ikisema kazi ya kuthamini hufanywa na mthamini wa serikali. Ikiwa wenye mitambo na wataalamu wanabishana, picha ya simu haiwezi kumaliza ubishi.

Sonara wa jirani ataweza nini?

Mama wa Namanga alifikiri angelipokea jiwe, alipeleke kwa sonara Arusha alichomee kalamu ya kupimia, na jambo lingekwisha. Kalamu hiyo hupima jinsi jiwe linavyopitisha joto. Hugundua kioo na zirkoni mara moja. Moisanaiti inaweza kuipita, ndiyo maana sonara makini huwa na kipimo cha pili cha umeme. Almasi ya maabara itaipita kila siku, kwa sababu ni almasi.

Kutofautisha almasi ya asili na ya maabara, au kugundua joto na shinikizo, kunahitaji mitambo ya maabara. Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania kilicho chini ya Wizara ya Madini, ambako mtu anaweza kuuliza ni vipimo gani vya vito vinavyofanyika. Wafanyabiashara wanaosafiri kwenda Dubai kuchukua bidhaa wanaweza pia kuikuta maabara ya IGI huko. Jambo la msingi ni kuuliza ada na muda kabla ya kununua jiwe, wala si baada.

Mpaka nao una hesabu yake

Wengi wamezoea utaratibu uliorahisishwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao mzigo usiozidi dola 2,000 hupita kwa cheti rahisi cha uasili. Utaratibu huo ni wa bidhaa zilizo katika orodha iliyokubaliwa na zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Almasi iliyoagizwa kutoka India au Marekani haina uasili wa Afrika Mashariki, hata ikivuka Namanga ndani ya mkoba mdogo. Wakala wa forodha aulizwe mapema kuhusu ushuru na kodi zinazohusu jiwe lililokatwa, na thamani iandikwe ile iliyolipwa. Kuandika dola 50 ili kukwepa kodi ni kosa, na jiwe likipotea njiani fidia nayo itafuata karatasi hiyo.

Kampuni nyingi za usafirishaji zina kikomo cha fidia kwa vito, na baadhi hazivipokei. Masharti yasomwe kabla ya kulipa. Siku za kurudisha bidhaa nazo zihesabiwe. Muuzaji anayetoa siku 14 tangu jiwe lipokelewe amempa mnunuzi wa Namanga muda mfupi sana wa kwenda kupima na kulirudisha. Malipo kwa kadi au kupitia mtu wa kati anayeshikilia fedha humpa mnunuzi nafasi ya kulalamika. Fedha iliyotumwa moja kwa moja kwa namba ya simu ni vigumu kuirudisha.

Kuhusu almasi ghafi, hapo hakuna kubahatisha. Mawe ambayo hayajakatwa, yanayotembezwa mipakani kwa maelezo kwamba yametoka Mbuji-Mayi au Mwadui, hayavuki kihalali bila cheti cha Kimberley. Nchini Tanzania kumiliki au kufanya biashara ya madini bila leseni ni kosa la jinai. Mnunuzi anaweza kupoteza jiwe, fedha na uhuru kwa siku moja.

Hesabu iliyoamua

Baada ya kuyasikia hayo, mama wa Namanga alimwandikia muuzaji maswali matatu. Upana na kimo cha jiwe ni milimita ngapi? Je, utaandika kwenye ankara kwamba ni almasi asilia isiyofanyiwa kazi yoyote? Na maabara ikisema vinginevyo, utarudisha fedha zote pamoja na nauli, hata siku 30 zikipita?

Jibu lilikuja usiku uleule. Vipimo vilikuwa vya kuaminika: upana wa milimita 6.5. Ankara ataandika. La tatu alilikubali nusu: fedha za jiwe atarudisha, nauli na ada ya maabara ni juu ya mnunuzi. Kwa majibu hayo, huenda muuzaji ni mtu mwaminifu.

Kisha akachukua daftari. Jiwe dola 640. Kulitia katika pete ya dhahabu kwa sonara, 150. Usafiri wenye bima, 55. Jumla 845. Kwa bei ya dola 900 aliyopewa na mteja, angebaki na 55, na hapo forodha bado haijasema lake. Akiongeza 120 za maabara na kusafirisha jiwe kwenda na kurudi, jumla inakuwa 965. Angekuwa amemfanyia mteja kazi kwa hasara. Asipopima, angekuwa amehatarisha dola 640 na jina lake kwa faida ya 55.

"Kumbe si suala la kumwamini huyu mtu," alisema, akiifunga kalamu. "Hata akiwa mkweli, hesabu haitoki."

Alimpigia mama wa Kitengela asubuhi na kumweleza yote, bila kuficha kwamba alikuwa karibu kununua. Alimpa njia tatu: jiwe dogo zaidi lenye ripoti ya maabara, almasi ya maabara inayouzwa kwa jina hilo na kwa bei yake, au kwenda na vijana wenyewe kwa muuza vito mwenye leseni, waone na kushika kabla ya kulipa. Upande wa pili ulikaa kimya kidogo, kisha mteja akauliza kama Jumamosi anaweza kumpeleka kwa sonara anayemfahamu Arusha.

"Njoo, dada," alimjibu. "Nitakusindikiza. Ukinipa cha chai, nitashukuru."

Fedha za upatu zimekwenda kwenye viatu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na safari hii daftari limesema mapema. Kabla ya kukata kamba ya robota la kwanza, aliitazama tena picha ile. Jiwe lilikuwa bado halijauzwa. Bei ilikuwa imeshushwa hadi dola 590.